Salamu kwa Farasi

Karakanani, 6 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba kabla hujanipa shikamoo, maana najua ipo njiani. Sisi huku wazima. Goti la mama yako limepata nafuu, sasa anapanda ngazi bila kunilaumu mimi, ingawa goti ni lake na mimi nilitengeneza ngazi tu. Kerezo langu bado linazunguka. Wiki hii nimekereza miguu ya meza ishirini na minne, na Gundi, yule fundi viatu wa mlango wa pili, anasema yote imepinda. Mwache. Mtu anayeshinda ameinamia viatu vya watu atajua nini habari za kunyooka?

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Mama yako alipoisoma barua yako, kwamba unakwenda kucheza sataranji na wanawake wa mataifa, akauliza, "Ni mbali?" Nikamwambia, dada, mbali kitu gani, mimi nimepambana na mataifa nikiwa nimekalia kreti la misumari. Unamkumbuka yule injinia mgeni, aliyekuja kujenga daraja. Alikuwa ameshamfunga karani, amemfunga daktari, amemfunga mkuu wa stesheni mpaka mzee wa watu akaomba uhamisho. Nikaketi mimi, kijana wa miaka ishirini na miwili, darasa la tano, vidole vimegandana kwa gundi ya mbao. Watu arobaini wamesimama wanatazama. Nikampapasa farasi wangu kichwani, mara moja, hivi. Injinia akauliza, "Ndiyo nini hiyo?" Nikamwambia kwetu mtu haanzi kuwaza kabla hajamsalimia farasi, ni kukosa adabu. Saa tatu baadaye mfalme wake amelala chali. Injinia akavua kofia.

Basi huko uendako usisahau. Wenzako watakuwa na vitabu, wewe una salamu.

Mjomba wako,
Bingwa wa Karakana na Viunga Vyake

Hotelini, 27 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na nyingine mpelekee Mama. Nimefika salama. Chumba changu kina dirisha linalotazama ukuta, lakini maji ni ya moto, mwambie Mama asiwe na wasiwasi. Ofisini wamenipa likizo kwa shingo upande. Mkuu wetu wa michoro anaona mchora ramani aliyeacha meza yake kwa ajili ya mchezo ana kasoro kichwani.

Ukumbi ni kama ghala. Meza zimepangwa mistari sita, na husikii kitu ila watu wanaobonyeza saa. Nimepata rafiki, mama wa makamo, mwalimu wa hesabu, wote tunamwita Mwalimu. Siku ya kwanza kalamu yangu ilinivujia, akanipa yake ya bluu. Akasema, "Utanirudishia ukimaliza kutufunga." Jioni zote tunakunywa chai ya chupa yake huku ananisimulia habari za wanafunzi wake wanaojificha chooni siku ya majaribio.

Kuhusu farasi, Mjomba, usinikasirikie. Hapa ukigusa, umecheza. Kete uliyoigusa ndiyo utakayoisogeza, hata kama itakumaliza. Kama unataka kuinyoosha tu, unatangulia kusema "nasawazisha", ndipo unagusa. Kwa hiyo nacheza nimekalia mikono yangu, inakufa ganzi mpaka viwikoni.

Kesho ni mchezo wa mwisho, na mpinzani wangu ni Mwalimu. Atakayeshinda ni bingwa, na ndiye atakayekwenda kwenye mashindano makubwa ya mwakani. Yeye ana miaka hamsini na mmoja. Amesema shule haitampa ruhusa tena, hii ndiyo ya mwisho kwake. Mimi ndiyo ya kwanza, na naitaka, Mjomba. Naitaka mpaka nakosa usingizi. Niombeeni.

Mpwa wako

Karakanani, 20 Machi

Bingwa! Bingwa wangu!

Sisi wazima, kila mtu mzima, hata asiyekuwa mzima amepona. Habari niliipata hivi: Gundi alikuwa anafungia viatu vya mteja kwenye gazeti, nikatupa jicho, nikakuta uso wako uko kwenye kisigino. Nilimpokonya. Mteja akalia na viatu vyake, nikamwambia, bwana, huyu ni mpwa wangu, huwezi kumvaa.

Sasa lile gazeti nimelibandika juu ya kerezo. Kila anayeingia lazima asome mistari yote minne kabla hajasema anataka nini. Nimewaambia ni mimi niliyekufundisha, kwa kete nilizotengeneza kwa vipande vya miguu ya meza, nawe ukiwa umekalia gunia la maranda. Nikawaelezea na ya injinia. Gundi alicheka mpaka akakohoa. Namuuliza, "Unacheka nini?" Akasema, "Kicheko changu hiki kina miaka ishirini na sita, kiache kizeeke." Wivu tu.

Lakini sijakuelewa. Umetuandikia postikadi yenye maneno matatu, "Nimeshinda, nipo salama." Mama yako ameisoma mara nne. Akasema, "Huyu hajasema amefurahi." Nikamwambia bingwa hana nafasi ya kuandika, anapeana mikono na wakubwa. Akasema, "Kaka, mimi ndiye niliyemzaa."

Nitumie ile karatasi mliyoandikia hatua zote za mchezo. Nataka niucheze upya hapa mezani, hatua kwa hatua, watu waone.

Mjomba wa Bingwa

Nyumbani kwangu, 30 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kazi zilirundikana. Natumaini goti la Mama linaendelea vizuri. Mimi sijambo.

Chama cha mchezo kimeniandikia barua nzuri. Ofisini wamenikatia keki, na mkuu wa michoro akatoa hotuba, yule yule. Karatasi ya mchezo siioni, nitaitafuta.

Nilitaka kukuuliza kitu. Yule injinia, ulipomsalimia farasi, alisema nini hasa? Maneno yake mwenyewe.

Mpwa wako

Karakanani, 12 Mei

Mpwa wangu,

Sisi wazima. Mvua imeingia karakanani, mbao zimevimba, na mama yako naye amevimba kwa ajili ya barua yako. Nilikuwa nimeanza kukuandikia habari za injinia, jinsi watu mia mbili walivyojazana mpaka wengine wakapanda kwenye mabomba ya daraja. Akanishika mkono. "Acha kusimulia, kaka. Muulize mtoto kama anakula."

Haya. Unakula?

Injinia alisema mengi, na mengine kwa lugha ya kwao, si ya kuandika kwenye barua. Jambo kubwa ni kwamba alifungwa.

Karatasi nimeisubiri mpaka nimechoka. Mtu hapotezi karatasi ya ushindi wake. Mimi nina risiti ya randa niliyonunua nikiwa kapera. Itume.

Mjomba wako

Nyumbani kwangu, 3 Juni

Mjomba, shikamoo.

Karatasi ni hii. Ucheze peke yako. Tafadhali usiwaonyeshe watu.

Nakula.

Karakanani, 15 Juni

Mpwa wangu,

Sote wazima.

Nilifunga mlango kama ulivyotaka, lakini Gundi alikuwa ameshaingia kuazima tupa, na ukimtoa Gundi lazima utoe sababu. Tukapanga kete. Yeye anasoma, mimi nasogeza. Nilifurahi sana mpaka hatua ya thelathini, nasema kweli. Unacheza kama mtu anayepiga msasa, huna haraka, unaondoa kidogo kidogo.

Hatua ya thelathini na moja pembeni umeandika dakika ishirini na mbili. Nikatazama meza. Farasi wako amesimama mbele ya malkia kama mlango. Gundi akasema, "Msogeze farasi basi, anakaa hapo kufanya nini?"

"Akisogea malkia ameliwa, wewe."

"Ndiyo nasema."

"Amesogeza mfalme. Imeandikwa."

"Najua ilivyoandikwa," Gundi akasema. "Nauliza mkono ulipita wapi kabla ya kufika kwa mfalme. Dakika ishirini na mbili, na mtoto umemlea wewe."

Akachukua tupa akaenda zake.

Mpwa wangu, sikuulizi kitu. Nakupa habari tu. Kete ziko vile vile mezani tangu Jumanne, sijazigusa. Wateja wanataka miguu yao ya meza, nawaambia kerezo ni bovu. Kerezo ni zima.

Mjomba wako

Nyumbani kwangu, 8 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mama msomee barua hii ukishaisoma wewe, usimrukie mstari.

Mikono ilikuwa imekufa ganzi, nikaitoa chini ya mapaja. Nikaanza kuwaza. Na nikiwaza, Mjomba, siwi tena ukumbini. Ninakuwa karakanani kwako, nina miaka minane, nimekalia maranda. Mkono ukaenda wenyewe. Nilimpapasa kichwa, mara moja. Halafu nikasogeza mfalme.

Mwalimu hakupaza sauti. Aliinua mkono, mwamuzi akaja.

"Amemgusa farasi," akasema.

Mwamuzi akaniuliza, "Umemgusa?"

"Nilimsawazisha tu."

"Ulitangulia kusema?"

Nikasema, "Ndiyo. Kwa sauti ndogo."

Sikusema kitu, Mjomba. Sikuwa nimefungua mdomo tangu asubuhi. Mwamuzi akawauliza wa meza za jirani, hakuna aliyesikia wala kuona. Akaagiza tuendelee. Mwalimu alinitazama kidogo, akasema, "Haya. Kama ulisema, ulisema." Baada ya pale hakuinua macho, na alicheza vibaya, kama mtu anayesahihisha madaftari huku anawaza basi lake. Alipofungwa alitia saini, akanipa mkono, akaenda. Kalamu yake ninayo. Ndiyo hii ninayokuandikia.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiambia neno moja. Kwamba sikukusudia kumchezesha yule farasi, nilimsalimia, na kwetu ndivyo tulivyo, hata injinia mzima na elimu yake aliikubali adabu yetu. Nalisema kila asubuhi nikipiga mswaki. Zamani lilikuwa linanitosha mpaka jioni, siku hizi halifiki hata kituo cha basi.

Tarehe ishirini na tisa Agosti chama kinapeleka jina langu kwa ajili ya mashindano makubwa. Likishapelekwa, nafasi ya Mwalimu imekwisha. Kwa hiyo niambie, na uniambie bila watu mia mbili. Ile salamu uliitoa wapi?

Mpwa wako

Karakanani, 2 Agosti

Mpwa wangu,

Hii ni barua ya nne. Tatu za kwanza nimewashia jiko la gundi, na moja ya hizo ilikuwa nzuri sana, imejaa maelezo.

Hapakuwa na watu mia mbili. Hapakuwa na arobaini. Alikuwepo mtu mmoja, Gundi, amekuja kuazima nyundo.

Farasi wangu alikuwa mbele ya malkia, kama wako. Nilimshika, nikamwinua hivi kidogo, ndipo nikaona nimekwisha. Injinia akasema, "Umeshika." Nami mkono ukiwa bado kichwani mwa farasi nikasema, "Simchezeshi. Namsalimia. Kwetu ni desturi." Umeuliza alisema nini. Alisema, "Samahani, sikujua." Aliona aibu kubishana na desturi ya watu. Akatoa kitabu chake kidogo akaiandika. Huenda mpaka leo kuna mahali imeandikwa kwamba sisi tunasalimia farasi.

Nilimfunga. Katika michezo kumi na tisa ni huo mmoja. Na kofia hakuvua, maana hakuwa na kofia.

Kesho yake alirudi kucheza, nami ikanibidi nisalimie tena, maana angeona. Na keshokutwa. Daraja likaisha, akaenda kwao, lakini Gundi alibaki, nikaendelea kusalimia mbele ya Gundi, mtu aliyeona kwa macho yake, mpaka mkono ukazoea, na mimi mwenyewe nikaanza kuamini nusu. Halafu ukaja wewe. Uliuliza, "Mjomba, kwa nini unampapasa?" Siku ile ningeweza kukwambia. Hukuwa mteja, hukuwa injinia, ulikuwa mtoto umekalia gunia. Nikakufundisha. Nikauchukua uongo wangu nikakuwekea mkononi, nikauita adabu.

Ulichomwambia mwamuzi ni chako, siwezi kukuchukulia. Lakini mkono ule ulikuwa wangu. Mama yako nimemsomea yote, sikuruka mstari. Aliiweka chai yake chini, akasema, "Kaka, mimi nilikuwa nakuletea mtoto ili asishinde barabarani." Hakuniambia kingine, na tangu jana hajanisemesha.

Sikushauri kitu. Ni mara ya kwanza tangu uzaliwe.

Mjomba wako

Nyumbani kwangu, 25 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, na koti sijavua. Siku mbili nilikukasirikia, nataka ujue hivyo. Siku ya tatu niliona kwamba nimekukasirikia kwa sababu ni rahisi. Mwamuzi aliniuliza swali moja jepesi, na wewe hukuwepo.

Nilimwandikia mwamuzi mkuu tarehe kumi na nne Agosti, chama nakala, na Mwalimu barua yake peke yake, na kalamu ndani.

Chama kilifanya kikao. Ubingwa wameufuta, na mimi sichezi mwaka mzima. Nafasi amepewa Mwalimu. Katibu aliniita, akanifungia mlango. "Dada, nani alikulazimisha? Hakuna aliyeona!" Alikuwa amekasirika kweli, kana kwamba nimemwibia yeye. Ofisini habari imefika. Mkuu wa michoro sasa anazipima kazi zangu mara mbili, kwa rula. Nikiingia jikoni wenzangu wanakumbuka wana simu za kupiga.

Mwalimu hakujibu karibu wiki sita. Jana imefika. Ni mistari miwili: "Kalamu nimeipata. Nimeijaribu, bado inaandika."

Nimeisoma na kuisoma, sijui imekaa upande gani. Sijui kama nitakuja kujua.

Mwambie Mama ninalala.

Mpwa wako

Karakanani, 9 Oktoba

Mpwa wangu,

Mama yako mzima na goti lake. Barua yako aliisoma yeye, kwa sauti, akaikunja akaitia kwenye kopo la vifungo. Asubuhi akaitoa akaisoma tena. Akasema, "Sasa ameandika kama yeye." Na mimi amenisemesha, ameniambia nisogeze kiti.

Gazeti nimelibandua. Ukuta umebaki na doa jeupe la umbo lile lile, na watu sasa wanalitazama hilo. Mteja mmoja alikuja kuchukua mguu wa kitanda, amemleta na shemeji yake makusudi asikie habari ya injinia. Nikawasimulia ilivyokuwa. Shemeji akamgeukia, "Ndiyo hii uliyosema inachekesha?" Wakachukua mguu wao wakaenda.

Jumamosi mchana nimecheza na Gundi. Hatua ya kumi na tano nilikuwa nawaza, na mkono ukaenda wenyewe. Nakuandikia nikijua wewe unaelewa maana ya wenyewe. Kidole kimekwisha kutua kichwani, na nyuma ya yule farasi yuko malkia. Nikamtazama Gundi. Gundi anatazama viatu vyake.

Nikasema, "Nimegusa."

"Sikuona," akasema.

"Umeona, Gundi. Tangu ile ya kwanza umeona."

Akakuna kidevu. "Haya. Umegusa."

Nikamsogeza farasi. Malkia akaliwa pale pale, na hatua sita mbele nikafungwa. Watazamaji walikuwa mmoja, mama yako, anashona kifungo, na hakuinua kichwa.

Kete nimezipiga msasa zote upya. Yule farasi peke yake amenishinda. Kwa miaka ile yote ya kupapaswa masikio yamelika, kichwa kimekuwa laini kama yai, mgeni akimwona hawezi kujua ni mnyama gani. Nilitaka kumchonga mwingine. Nimemwacha vile vile.

Njoo mwisho wa mwaka tucheze, huku hakuna chama cha kukuzuia. Utamkuta mezani. Ila usimguse kama hujaamua.

Mjomba wako,
fundi kerezo